Nionyeshe Huyo Fuko

Miaka tisa nimeitwa Mama Fuko. Sikuzaa fuko, sikufuga fuko, na jina nililopewa na wazazi wangu lipo, zuri tu, ila hapa mtaani ukilitaja watu watakuuliza huyo ni nani, amehamia lini. Aliyenisababishia jina hilo ni shemeji yangu, Fundi Saa, mume wa marehemu mdogo wangu. Nitaeleza huyu bwana alivyo, mema yake na mabaya yake, na mema nitayasema harakaharaka nisije nikachoka.

Fundi Saa ana kibanda cha vioo kwenye kona ya posta, upana wake kama kabati la nguo. Anaingia kwa ubavu. Akishakaa hakigeuki kitu ila kichwa na mikono. Mbele yake kuna kitambaa cha njano, na juu ya kitambaa amepanga vizibo vya soda, kila kizibo na kidude chake, skrubu huku, gurudumu huku, mshale huku. Usipige chafya karibu na kibanda hicho. Kuna mteja alipiga chafya mwaka fulani, gurudumu la saa ya mke wa mkuu wa posta likaruka likapotea, na mpaka leo mtu yule akitaka kutengenezewa saa anasimama ng'ambo ya barabara anapaza sauti.

Ana kioo cheusi cha kubana jichoni. Amekibana miaka mingi mpaka hata akikitoa jicho lile linabaki limekunjwa, kama mtu anayekutilia shaka. Pengine ndiko maradhi yake ya kushuku watu yalikoanzia. Tena anavaa saa mbili, kila mkono na yake, na hazipatani. Ukimuuliza saa ngapi anazitazama zote mbili, halafu anakutajia ya katikati.

Kazi anaijua, hilo simnyimi. Kila kidude kinachopita mikononi mwake anakikwaruza alama kwa ncha ya sindano, vistari viwili na nukta, pale ambapo mwenye saa hawezi kuona. Mafundi wa saa ndivyo walivyo, eti saa ikirudi siku moja ajue ni mkono wake. Na saa haitoki pale mpaka ailaze siku nzima akiisikiliza. Mteja alie, atukane, aseme ana safari, saa haitoki. Marehemu mdogo wangu alikuwa akisema, "Dada, mume wangu hata akiniamkia asubuhi ananisikiliza kwanza kama natembea sawa."

Basi. Mema yameisha.

Mdogo wangu alipofariki aliacha matuta manne ya viazi vitamu nyuma ya nyumba yao, upande wa pili wa uzio wangu. Miche nilimpa mimi, nikamfungia kwa kamba ya katani, nikamvushia juu ya uzio kwa mkono wangu. Fundi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika jembe, akayageuza matuta yale kuwa mke. Anayaamkia. Anayapalilia kwa kibano, kibano kilekile cha saa, gugu moja moja, amepiga magoti juu ya gazeti ili suruali isichafuke. Sikumcheka. Kila mtu analia kwa namna yake.

Halafu viazi vikaanza kupungua. Juu majani yamestawi, chini ukichimba unakuta uwazi mtupu, kiazi hakipo. Tuta halijaguswa, unyayo hakuna, alama ya jembe hakuna. Na upande wangu, nyuma ya bafu, vikaanza kuchomoza vilima vidogo vya udongo laini, kama mtu kafukia kitu haraka. Mimi nimezaliwa na wakulima. Nikaviona nikajua, huyo ni fuko. Nikavifagia, nikaendelea kufua. Kosa langu ni hilo tu, kwamba sikumwita aje aone.

Asubuhi moja tupo bombani, bomba la mtaa lililo mbele ya geti lake, watu kumi na mmoja kwenye foleni. Naweza kukutajia mmoja mmoja na rangi ya ndoo yake. Fundi akaja akasimama nyuma yangu, akakohoa.

"Shemeji."

"Abee."

"Viazi vya marehemu vinatembea."

"Vinatembea kwenda wapi?"

"Hilo nakuuliza wewe. Udongo umejaa kwako."

Foleni nzima ikageuza shingo. Hata maji nadhani yalipunguza kelele.

"Shemeji, huyo ni fuko," nikamwambia, kwa upole, maana wakati huo bado nilikuwa na upole.

"Fuko!" Akakunja lile jicho. "Nina miaka hamsini na nane, nimezaliwa mji huuhuu, sijaona fuko hata mmoja. Nionyeshe huyo fuko."

"Anakaa chini ya ardhi, nitakuonyeshaje? Nimpigie simu?"

"Fuko anachagua kiazi kikubwa, kidogo anakiacha! Fuko anafunika shimo akimaliza! Fuko ana adabu kuliko watu! Na kupika anapika?"

Hapo ndipo mshonaji, mwanamke mwenye cherehani mbili na mdomo mmoja unaofanya kazi kuliko cherehani zote, akacheka mpaka ndoo ikamponyoka. "Haya Mama Fuko," akasema, "sogea, zamu yako hiyo."

Ikawa ndiyo imetoka. Jina likanigandia kama utomvu wa fenesi.

Kuitwa mwizi ningemeza. Nimemeza mengi. Lakini mwizi wa viazi vya mdogo wangu, niliyemuogesha mimi alipokuwa hawezi tena kunyanyua mkono, viazi vya miche yangu mwenyewe? Hicho hakikumezeka. Kilikaa hapa kooni, miaka tisa. Sabuni ya mtu ikipotea, "Kaulize kwa Mama Fuko." Kuku hajarudi, "Kapitia chini." Wakwe wa binti yangu walipokuja mara ya kwanza walipotea njia, wakaelekezwa, "Aa, kwa Mama Fuko? Nyumba ile." Mama mkwe wake akakaa kwangu mchana kutwa amekumbatia mkoba wake. Hata chooni aliingia nao.

Fundi naye hakulala. Akazungusha waya kuzunguka matuta yote, na kwenye waya akafunga saa za kuamshia, zile za mezani zenye kengele kichwani, tisa nilizihesabu, ili mwizi akikanyaga zilie. Zikawa zinalia kweli. Paka akipita, zinalia. Kitenge changu kikipeperuka kikagusa, zinalia. Na kila zikilia mtaa mzima unatoa vichwa madirishani, wanatazama wapi? Mlangoni kwangu. Mimi nipo jikoni nakaanga kitunguu, nanyanyua mwiko juu waone. Na viazi bado vinakwenda, na siku viazi vinapokwenda kengele haijalia hata moja. Mtu mwenye akili angejiuliza. Yeye alisema, "Ameshajifunza kukanyaga."

Mwaka huu, mvua zilipoanza, akaja bombani kifua mbele. "Safari hii nimetega," akatangaza. "Ndani ya tuta lenyewe. Mkono ukiingia, hautoki bure. Safari hii kidole kitasema."

Jamani. Kuanzia siku hiyo kila nikifika bombani foleni nzima inatazama vidole vyangu. Siku ya tatu nikaweka ndoo chini, nikanyoosha mikono yote miwili. "Hesabuni," nikawaambia. "Kumi. Mnataka na vya miguuni nivue viatu?" Mwalimu mstaafu, ambaye sikio lake moja ni bovu, akauliza wanagawa nini.

Siku ya nne nilitoka kumwaga maji ya kufulia. Chini ya kamba ya nguo nikaona soksi nyeusi imeangukia matopeni. Nikainama kuiokota. Soksi ikaniuma.

Nilipiga yowe, kisha nikaangalia vizuri. Mwili kama ngumi ya mtu mzima, manyoya laini utadhani koti la tajiri, macho hakuna, masikio hakuna, meno nje, na hasira tele. Mama mkwe wangu mtupu, Mungu amrehemu. Alikuwa anajikokota, mguu wa nyuma unaburuzika, na juu ya mguu kumebana kitu kinachong'aa.

Kumtia kwenye sufuria kulinichukua muda wa kupika maharage. Nilimsukuma kwa ufagio, akauma ufagio. Nikamfunika kwa kitambaa, akatoboa kitambaa. Mwishowe nikamtupia kiazi ndani ya sufuria, akaingia mwenyewe. Nikapiga mfuniko, nikakalia kigoda, nikashika moyo. Halafu nikafunua kidogo nikatazama kile kinachong'aa.

Kilikuwa kamani, ule utepe wa chuma unaojikunja tumboni mwa saa. Umekatwa, umepindwa kama mdomo wa chatu, umemng'ata fuko juu ya kifundo mpaka mfupa.

Mimi darasa la pili sikulimaliza, lakini hesabu hiyo niliifanya bila kalamu. Mtego wa kidole changu ulikuwa umemkamata mwizi mwenyewe.

Sasa sikia shida yangu. Nikikimbia naye bombani vile alivyo, anakufa njiani, na fuko aliyekufa ni panya tu, watasema nimemwokota jalalani. Nikiitoa kamani kwa koleo langu la jikoni, mguu unatoka nayo, na bado anakufa. Nilimpeleka kwa bwana mifugo, pale nyuma ya machinjio. Akafunua sufuria akasema, "Mama, huyu ni mharibifu. Mpige jembe." Nikamwambia, jembe angepigwa yeye siku anazaliwa, nikafunika sufuria yangu nikaondoka. Mimi huyu mnyama sikumpenda. Lakini katika dunia hii nzima shahidi wangu alikuwa mmoja, na alikuwa ndani ya sufuria, anapumua kwa shida.

Akabaki mtu mmoja tu mwenye mikono ya kazi hiyo. Nikajitanda kanga, nikaenda kona ya posta.

Fundi alikuwa ameinama. Nikaweka sufuria juu ya kitambaa chake cha njano. Vizibo viwili vikadondoka.

"Shemeji!" akaruka. "Taratibu! Hapa pana saa ya watu!"

"Funua."

"Umeniletea chakula?"

"Miaka tisa uliniambia nikuonyeshe. Leo nimekuonyesha. Funua."

Akafunua. Akafunika. Akafunua tena. Akabana kioo jichoni akainama, na mimi nikamwangalia yeye. Nimemwangalia mtu yule miaka arobaini, sijawahi kuona uso unashuka namna ile. Alikuwa ameiona alama yake. Vistari viwili na nukta, juu ya chuma chake mwenyewe, mguuni mwa mwizi wake.

"Nipe hicho kioo," nikasema.

"Kioo hiki hakishikwi na mtu."

Nikakichomoa jichoni mwake. Nikatazama. Alama ile naijua, ipo ndani ya saa ya marehemu mume wangu, ipo ndani ya saa yangu ya ukutani, marehemu mdogo wangu ndiye aliyenifunulia nikaiona. Nikamrudishia kioo chake. Kuna wakati ukinyamaza unamchapa mtu vizuri zaidi.

"Ana maumivu," akasema mwishowe, kidogo kidogo.

"Si peke yake."

Akafunga dirisha la kibanda, akageuza kile kibao cha FUNDI ANARUDI SASA HIVI, ambacho sijawahi kukiona kimegeuzwa hata siku ya mazishi. Mimi nikabaki nje, nimeingiza mikono kupitia tundu la kupokelea saa, nimemshika fuko kichwa ndani ya soksi ya Fundi. Yeye ndani, kioo jichoni, amezuia pumzi. Alikata kamani ile kwa kikoleo chembamba kama mdomo wa ndege, nywele kwa nywele. Akaosha kidonda kwa spiriti. Akanyoosha mfupa kwa vidole viwili, nikasikia kitu kikisema *tik*, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba saa imeanza kwenda. Akapasua njiti ya kiberiti katikati, akaweka vibanzi viwili huku na huku, akazungushia uzi wa hariri mara kumi na mbili. Sijaona kazi safi kama ile hospitalini.

Halafu soksi ikateleza, fuko akamng'ata kidole gumba.

"Mama yangu weee!"

"Naam," nikamwambia. "Safari hii kidole kimesema."

Alipokwisha kujifunga kitambaa akanisogelea kwenye tundu, sauti ya chini. "Shemeji, mimi na wewe ni ndugu. Tuyamalize hapahapa. Nimekosa."

"Nani amekusikia?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa najua tangu mwanzo. Ulinivua nguo bombani, utanivisha bombani."

"Watanicheka, shemeji. Nitaishi vipi mtaa huu?"

"Mimi wamenicheka miaka tisa na naishi. Nitakufundisha."

Akakuna kichwa. "Basi kwanza apone. Kazi haijaisha."

Nikakubali, ila fuko nikaondoka naye mwenyewe. Simuachii mtu ushahidi wangu.

Nilimtia kwenye ndoo ya plastiki yenye udongo. Kabla sijamaliza kufagia uwanja ameshatoboa ndoo, yupo ndani ya kikapu cha viazi, amejilaza kama bwana harusi. Nikamhamishia kwenye debe la bati. Anakula, yule mnyama! Kiazi asubuhi, kiazi mchana, na ukichelewa anagonga debe kwa meno, ko ko ko, kama mpangaji anayedai maji. Binti yangu alikuja kunitembelea akanikuta nimeinama juu ya debe nasema, "Kula polepole, utapaliwa." Akaweka mkono kiunoni.

"Mama, mimi ulinilea kwa viboko."

"Wewe hukuwa na faida kama huyu."

"Msamehe tu baba mdogo, ni mzee wa watu."

"Mama mkwe wako aliingia na mkoba chooni kwangu. Yeye ameshanisamehe?"

Akachukua kiazi kingine, akakitupia debeni.

Kila siku saa nne kamili, kwa saa ya mkono wa kulia, Fundi anabisha hodi. Anakaa kwenye kigoda, anabana kioo, anakagua mguu. Siku ya kwanza alikuja mikono mitupu. Siku ya pili alikuja na kiazi. Alikichimba mwenyewe kwenye tuta, amekiosha, amekifunga kwenye karatasi. Akawa anamlisha mwizi wake kwa mkono, na mimi nafua pembeni nasikiliza wanavyoongea.

"Huyu anapenda vile vya tuta la tatu," akaniambia siku moja. "Tuta la tatu ndilo alilolipanda mwisho, marehemu. Alikuwa hawezi kuinama tena, akakaa chini kabisa akapanda amekaa." Akageuza kiazi mkononi. "Kila kilichopotea nilikuwa naona kama kuna mtu anamwiba yeye, kidogo kidogo. Ndiyo maana, shemeji. Sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia."

Hapo nilimwonea huruma. Sisemi uongo. Niliishika ile huruma, nikaiangalia, nikaiweka pembeni. Nilikuwa nakamua shuka, nikaendelea kukamua.

"Mdogo wangu huyohuyo," nikamwambia, "angekuwa hai angekuchapa kwa mwiko kwa ulichonitendea. Siku ngapi zimebaki?"

"Mguu? Kama wiki."

"Siulizi mguu."

Akaondoka ameinamisha kichwa.

Siku ya kumi na sita nilikwenda zahanati kupima presha. Kurudi, debe tupu. Udongo upo, kiazi nusu kipo, fuko hakuna, na ile sufuria yangu yenye mfuniko haipo. Nikatoka nje mbio, kanga inanivuka. Muuza mkaa alikuwa amekaa juu ya gunia lake.

"Umemuona Fundi?"

"Kapita na sufuria, Mama Fuko. Anaelekea darajani, huko mashambani. Nikamuuliza umealikwa wapi, hakunijibu."

Nikakaa palepale juu ya gunia la mkaa na kanga yangu nyeupe. Darajani! Amekwenda kumtupa shahidi wangu. Wiki mbili na zaidi nimelisha, nimefukua kinyesi, nimeng'atwa, na mzee yule ameniingilia ndani ya nyumba akaniibia mchana kweupe. Nani mwizi sasa? Nikamtukana pale matusi ambayo muuza mkaa, mtu wa mizigo na bandari, alisema mengine alikuwa hajayasikia. Yakaniishia. Nikaona nitakufa ni Mama Fuko, watanizika Mama Fuko, na mwalimu mstaafu atauliza nani amekufa, wamwambie Mama Fuko, aseme aa, yule wa viazi.

Nilikuwa bado nimekaa pale kengele zilipolia.

Zote tisa. Hazikulia kama za paka, zile hulia mbili zikanyamaza. Hizi zililia zote kwa pamoja na hazikukoma, mtaa mzima ukatikisika. Watu wakatoka. Waliokuwa bombani wakaacha ndoo zinafurika. Mshonaji akaja na futi shingoni. Na mimi nikaenda, nyuma yangu yote nyeusi ya mkaa, sijali.

Geti la Fundi lilikuwa wazi. Yeye mwenyewe amesimama katikati ya matuta, anautikisa waya kwa mkono mmoja, mkono wa pili amekumbatia sufuria yangu. Suruali ina matope mpaka magotini, na hakuwa ameweka gazeti. Aliponiona akauachia waya.

"Shemeji, nilikwenda kumtupa," akasema.

"Najua ulikokwenda."

"Nimefika darajani, nimefunua. Nikaona uzi wangu bado upo mguuni." Akatazama chini. "Kazi haijajaribiwa. Mimi sijawahi kutoa kazi ambayo haijajaribiwa."

Akapiga magoti, akabana kioo, akakata uzi kwa wembe, akatoa kibanzi cha kwanza, cha pili. Akamweka fuko chini, pembeni mwa tuta la tatu. Watu wakasogea.

"Panya!" mshonaji akasema.

"Nyamaza uone," nikamwambia.

Fuko alinusa. Akaukanyagia ule mguu, kidogo, kisha wote. Ukabeba. Fundi akatoa pumzi aliyokuwa ameizuia tangu darajani. Halafu yule mnyama akaanza kuchimba, udongo unaruka nyuma kama mtu anafagia kwa hasira, na kabla hujasema moja mbili, hakuna fuko. Kuna kilima kidogo cha udongo laini, basi. Kengele kimya, hata moja haikutikisika.

Tukasimama. Watu wazima wote tumetumbulia macho majani ya viazi. Nikaanza kuogopa, nikajisemea, ameshiba, nilimlisha mno asubuhi, ananiaibisha.

Mara shina moja likatikisika. Likatulia. Likatikisika tena, halafu likashuka. Lilishuka zima zima, majani na yote, likamezwa na tuta polepole kama mtu aliyelala anavyovuta shuka. Pakabaki kitobo. Kitobo kikafunikwa udongo kwa ndani, kwa adabu kabisa.

Hakuna aliyecheka. Muuza mkaa akavua kofia.

Fundi akainuka, goti moja, la pili. Akawageukia watu. "Miaka tisa iliyopita, pale bombani, nilimwita shemeji yangu mwizi. Aliniambia ni fuko. Nilisema anionyeshe." Akanyoosha kidole kwenye kile kitobo. "Amenionyesha. Mtego nilimtegea yeye. Mwizi hakuwa yeye. Nimekosa."

"Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Mwalimu sikio lake bovu."

"NIMEKOSA!" akapaza. "SHEMEJI YANGU HAKUIBA!"

"Nimesikia," mwalimu akasema. "Mimi sikuwahi kuamini." Muongo mkubwa, ndoo yake ilikuwa ya bluu, alicheka mpaka akakohoa.

Kisha kutoka bombani mtu akapiga kelele kwamba kuna ndoo ya njano imejaa inamwagika, ya nani. Mshonaji, yuleyule, mdomo wake uleule, akageuka akasema, "Si ya Baba Fuko hiyo, aliiacha kwenye foleni tangu asubuhi? Baba Fuko, kachukue ndoo yako!"

Loh! Kicheko kilichotoka hapo, mabati yaliitikia. Wakacheka wanashikana mabega. Fundi amesimama katikati na matope yake, jicho limekunjwa, na nikaliona jina linahama, linavuka uzio, linatua juu ya kichwa chake. Mimi sikucheka. Nilikuwa naonja. Nimelisubiri muda mrefu, sikutaka kuliharakisha.

Watu walipopungua akanisogelea, ameshika sufuria yangu kwa mikono miwili.

"Shemeji, sasa umenisamehe?"

Nikachukua sufuria. Nikaikagua, alikuwa ameikwaruza mfuniko.

"Saa ngapi sasa?" nikamuuliza.

Akatazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto. "Saa tisa na robo."

"Vizuri," nikamwambia. "Anza kuhesabu hapo. Miaka tisa ikifika, uje ubishe hodi."